Printa ya bei nafuu yaweza kuwa mzigo: Namna ya kupiga hesabu kabla ya kununua

WAZAZI wengi wanaoishi Noonkopir na mitaa mingine ya Kitengela, Kaunti ya Kajiado, hujiuliza swali moja kila muhula mpya unapoanza: je, si afadhali kununua printa ya nyumbani kuliko kumtuma mtoto saiba kila jioni na sarafu mkononi?

Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake halipatikani kwenye bei iliyobandikwa juu ya mashine dukani. Linapatikana kwenye bei ya ukurasa mmoja uliochapishwa, na bei hiyo ni nadra sana kuandikwa popote. Mnunuzi asipoipiga hesabu mwenyewe, aweza kurejea nyumbani akiwa amefurahia punguzo la bei, kumbe amejifunga kulipa maradufu ya kile alichokuwa akitozwa saiba.

Noonkopir, kituo cha biashara kilicho kando ya barabara kuu ya Namanga, ndicho kiini ambacho mji wa Kitengela ulikua kukizunguka. Ukaribu wake na Nairobi pamoja na eneo la viwanda la EPZ mjini Athi River umevutia maelfu ya familia za wafanyakazi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 mjini Kitengela. Nyingi za familia hizo zina watoto shuleni, na ni hao wanaoleta nyumbani kazi za kuchapishwa.

Mtaala wa umilisi wa CBC, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 katika madarasa ya chini na ambao ulibadilishwa jina kuwa CBE mwaka 2025, umeongeza haja hiyo. Mwanafunzi hutakiwa kuleta picha za wanyama, ramani, michoro na maelezo aliyotafuta mtandaoni. Isitoshe, shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la Covid-19, walimu wengi walizoea kutuma kazi ya ziada kwa simu kupitia WhatsApp, na desturi hiyo haikuisha masomo yaliporejelewa. Kilio cha wazazi kuhusu gharama za uchapishaji kilisikika sana mwaka 2021.

Zaidi ya hayo, huduma nyingi za serikali zimehamia mtandaoni. Cheti cha PIN cha mamlaka ya ushuru, fomu na stakabadhi za malipo kwenye eCitizen, zote humfikia mwananchi kama waraka pepe ambao mara nyingi hatimaye hutakiwa uwe kwenye karatasi.

Mashine rahisi, wino ghali

Siri ya biashara ya printa ni kongwe na ni rahisi kuieleza. Kampuni huuza mashine kwa faida ndogo, au hata bila faida, kisha hurejesha fedha zake kupitia wino ambao mteja atalazimika kuununua maisha yote ya mashine hiyo. Ni kama mtu kuuziwa ng'ombe kwa bei ya mbuzi, kisha akaelezwa kwamba ng'ombe huyo hanywi maji ya bwawani bali ya chupa, tena chupa za duka moja tu.

Ndiyo maana mashine yenye bei ya chini kabisa dukani aghalabu ndiyo yenye gharama ya juu kabisa ya matumizi. Mashine ambayo mtengenezaji hakutegemea kupata faida kwenye wino wake huuzwa ghali tangu mwanzo, na hapo mnunuzi asiyejua huipita akidhani ameepuka hasara.

Aina tatu za kuchagua

Printa zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani zaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni printa za wino zinazotumia katriji. Katriji ni kisanduku kidogo cha plastiki chenye wino ndani yake, na katika mashine nyingi za bei ya chini kisanduku hicho ndicho pia chenye matundu madogo yanayonyunyizia wino kwenye karatasi. Wino ukiisha, kisanduku chote hutupwa na kingine hununuliwa. Katriji nyeusi ya HP 123 au HP 305 ya kawaida, kwa mfano, imekadiriwa na mtengenezaji kuchapisha kurasa takriban 120 tu.

Kundi la pili ni printa za wino zenye matangi. Mashine hizi zina matangi yaliyojengewa ndani au ubavuni, na mwenye mashine hujaza wino kutoka kwenye chupa. Epson ilianza kuziuza nchini Indonesia mwaka 2010, baada ya kuona jinsi mafundi wa huko walivyokuwa wakitoboa printa za kawaida na kuziunganisha na chupa za wino wa nje. Canon ilifuata kwa mashine zake za mfululizo wa G mwaka 2015, na HP na Brother pia zikaingia katika soko hilo. Chupa moja ya wino mweusi wa Epson 003, inayotumiwa na mashine kama L3110, L3210 na L3250, ina mililita 65 na imekadiriwa kuchapisha kurasa 4,500.

Kundi la tatu ni printa za leza. Hizi hazitumii wino wa majimaji bali unga mkavu uitwao tona, ambao huyeyushwa kwa joto na kugandishwa kwenye karatasi. Printa za leza za bei inayoweza kumudiwa nyumbani kwa kawaida huchapisha rangi nyeusi peke yake. Katriji ya tona ya HP 85A, ambayo imekuwa maarufu sana katika ofisi za Kenya, imekadiriwa kuchapisha kurasa 1,600.

Hesabu ya ukurasa mmoja

Bei hubadilika kila mara na hutofautiana baina ya duka na duka. Kwa hiyo, tarakimu za bei zinazofuata ni za mfano tu. Msomaji aziondoe na kuweka zile atakazotajiwa siku anapokwenda kununua. Kanuni yenyewe haibadiliki: gawanya bei ya wino kwa idadi ya kurasa unazokadiriwa kuchapisha, kisha ongeza bei ya karatasi moja.

Tuseme rimu ya karatasi 500 inauzwa Sh600. Karatasi moja basi ni Sh1.20.

Tuseme katriji ndogo ya kurasa 120 inauzwa Sh2,000. Wino wa ukurasa mmoja utagharimu karibu Sh16.70, na ukiongeza karatasi ni karibu Sh17.90.

Tuseme chupa ya wino ya kurasa 4,500 inauzwa Sh1,200. Wino wa ukurasa mmoja ni senti 27 hivi, na pamoja na karatasi ni chini kidogo ya Sh1.50.

Tuseme tona halisi ya kurasa 1,600 inauzwa Sh9,000. Ukurasa mmoja, pamoja na karatasi, utakuwa Sh6.80 hivi. Ikiwa mwenye mashine atatumia tona mbadala ya Sh1,800, ukurasa utashuka hadi Sh2.30 hivi.

Sasa linganisha na saiba inayotoza, tuseme, Sh10 kwa ukurasa wa rangi nyeusi. Hapa ndipo penye funzo kuu. Kwa bei hizi za mfano, mwenye printa ya katriji ndogo anachapisha nyumbani kwa karibu Sh18 kile ambacho jirani yake anachapishiwa saiba kwa Sh10. Hata kama angepewa mashine hiyo bure, bado angepata hasara kila anapobonyeza kitufe.

Je, mwenye printa ya tangi anafaidi? Hapana, si wakati wote. Tuseme mashine hiyo inauzwa Sh25,000. Kila ukurasa unamwokolea Sh8.50 akilinganisha na saiba. Atalazimika kuchapisha karibu kurasa 2,940 kabla ya kurejesha fedha alizonunulia mashine. Familia inayochapisha kurasa 30 kwa mwezi itachukua zaidi ya miaka minane kufika hapo, na huenda mashine ikawa imezeeka au kuharibika kabla ya wakati huo.

Tazama mambo yalivyo kwa muda wa miaka mitatu. Familia ya kurasa 30 kwa mwezi itakuwa imechapisha kurasa 1,080. Saiba itakuwa imewatoza Sh10,800. Kwa printa ya tangi, wangetumia karibu Sh26,600, nyingi zikiwa ni za mashine yenyewe. Kwa printa ya katriji yenye bei ya Sh7,000, wangetumia karibu Sh26,300. Familia hii haihitaji printa. Inahitaji saiba iliyo karibu na nyumbani.

Familia ya kurasa 100 kwa mwezi itakuwa imechapisha kurasa 3,600. Saiba itakuwa Sh36,000. Printa ya tangi itakuwa karibu Sh30,300. Leza ya Sh18,000 inayotumia tona mbadala itakuwa karibu Sh26,400, lakini haitatoa rangi. Leza iyo hiyo ikitumia tona halisi itafika karibu Sh42,600. Printa ya katriji itapindukia Sh71,000.

Mwenye kuchapisha kurasa 250 kwa mwezi, kama vile mwalimu anayefunza watoto wa mtaa jioni, katibu wa kanisa au wa chama, au mwanafunzi wa chuo anayesomea nyumbani, atakuwa na kurasa 9,000. Saiba ingemgharimu Sh90,000. Printa ya tangi au leza ya tona mbadala ingemgharimu chini ya Sh40,000. Mtu huyu anapoteza fedha kila siku anayokaa bila mashine.

Kutokana na hesabu hii, hatua ya kwanza ya kuchagua printa haihusu printa kamwe. Ni kuhesabu kurasa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kwenda dukani, familia na iandike kwa muhula mmoja kila ukurasa inaochapisha, ikitenga wa rangi na usio wa rangi. Ikumbukwe kwamba shule hufungwa mara tatu kwa mwaka, na likizoni mahitaji hupungua.

Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye pakiti

Mnunuzi ana haki ya kuuliza: hizo kurasa 120 au 4,500 zilihesabiwa vipi?

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, limeweka kanuni za kupimia. Kwa katriji za wino kipimo ni ISO/IEC 24711, na kwa tona ya rangi nyeusi ni ISO/IEC 19752. Kurasa maalumu za majaribio huchapishwa mfululizo hadi wino uishe. Watengenezaji wa mashine za matangi nao hutumia kurasa zizo hizo za majaribio kwa utaratibu wao wenyewe. Kwa makadirio ya kawaida, ukurasa wa maandishi meusi huchukuliwa kuwa na wino katika sehemu tano kwa mia za eneo lake, yaani barua fupi iliyopigwa chapa.

Matumizi ya nyumbani hayafanani na majaribio hayo. Kwanza, nyumbani watu huchapisha kurasa mbili leo na tatu wiki ijayo, na mashine ya wino hutumia kiasi cha wino kujisafisha kila inapoamka. Pili, wino wa kwanza wa printa ya tangi hujaza mirija ya ndani, na kwa hiyo chupa za kwanza hutoa kurasa chache kuliko zitakazofuata. Tatu, tona inayokuja ndani ya leza mpya mara nyingi huwa haijajazwa kikamilifu.

Nne, na hili ndilo linalowaumiza wazazi zaidi, kazi nyingi za shule hufika zikiwa ni picha zilizopigwa kwa simu. Mwalimu hupiga picha ukurasa wa kitabu katika mwanga hafifu, na karatasi iliyokuwa nyeupe huonekana ya kijivu. Printa haijui kwamba kijivu hicho ni kivuli. Huchapisha ukurasa mzima kuanzia pembe hadi pembe. Ukurasa mmoja wa aina hiyo waweza kumaliza wino ambao ungetosha kurasa kadhaa za maandishi.

Dawa yake ni rahisi. Wazazi na waombe walimu watume faili ya PDF inapowezekana. Ikiwa kuna picha tu, ipitishwe kwanza kwenye programu ya simu ya kuskani nyaraka, ambayo huifanya karatasi kuwa nyeupe na maandishi kuwa meusi. Programu kama hizo hupatikana bila malipo, na nyingine huja zikiwa ndani ya simu.

Karatasi nayo isisahauliwe. Katika mfano wetu wa printa ya tangi, kati ya Sh1.47 za ukurasa, karatasi peke yake inachukua Sh1.20. Kwa hiyo, mwenye mashine ya tangi hawezi tena kuokoa fedha nyingi kwa kubana wino. Ataokoa kwa kubana karatasi. Kuchapisha pande zote mbili kunashusha bei ya ukurasa hadi senti 87 hivi. Mashine inayogeuza karatasi yenyewe huuzwa ghali zaidi, lakini hata ile ya kugeuza kwa mkono yatosha nyumbani.

Vumbi, ukavu na umeme

Kitengela imo katika nyanda kavu za Kaputiei. Majira ya kiangazi huwa na upepo na vumbi jingi, na barabara nyingi za ndani ya mitaa hazina lami. Mazingira haya yana uzito katika uchaguzi wa mashine.

Matundu ya printa ya wino ni membamba kuliko unywele. Mashine ikikaa wiki nyingi bila kutumika, wino hukauka ndani yake na kuyaziba. Kuisafisha kwa amri ya kompyuta hutumia wino mwingi, na isipofaulu fundi huitwa. Mwenye printa ya wino ahakikishe anachapisha angalau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata wakati wa likizo, na aifunike mashine kwa kitambaa safi.

Hapa pia kuna tofauti ya kuzingatiwa. Katika katriji nyingi za bei ya chini, matundu yamo kwenye katriji yenyewe, kwa hiyo yakiziba hununuliwa katriji nyingine. Katika mashine za matangi za Epson, kichwa cha kuchapishia ni sehemu ya mashine, na kukibadilisha ni gharama kubwa. Mashine za matangi za Canon za mfululizo wa G zina vichwa ambavyo mwenye mashine anaweza kuvichomoa na kuvibadilisha mwenyewe.

Leza haina tatizo hilo. Tona ni unga, na haikauki. Mtu anayechapisha mara moja kwa mwezi, kisha akakaa, atapata leza ikiwa tayari kama alivyoiacha. Kwa familia isiyohitaji rangi na isiyochapisha kwa mpangilio, hii ni faida kubwa.

Hata hivyo, leza ina kasoro yake upande wa umeme. Ili kuyeyusha tona, huvuta mamia ya wati wakati wa kuchapisha, na huvuta kwa ghafla. Haifai kuunganishwa kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme cha kompyuta, wala kwenye mitambo midogo ya sola inayotumiwa katika nyumba nyingi za viungani. Printa ya wino, kinyume chake, mara nyingi hutumia chini ya wati 20, na yaweza kufanya kazi pale ambapo taa chache na televisheni zinafanya kazi.

Gharama nyingine iliyojificha ni ya wino unaotupwa. Wino wa kujisafishia hukusanyika kwenye sponji chini ya mashine. Sponji hiyo ikihesabiwa kuwa imejaa, mashine hukataa kuchapisha hadi ibadilishwe na hesabu irudishwe mwanzo. Baadhi ya mashine zina kisanduku ambacho mwenyewe hukibadilisha. Nyingine hulazimu fundi. Mnunuzi aulize mapema.

Kwa upande wa leza, aulize kuhusu dramu, yaani silinda inayopokea tona na kuihamishia kwenye karatasi. Katika katriji kama HP 85A, dramu imo ndani ya katriji na hubadilishwa nayo. Katika leza nyingi za Brother, dramu hununuliwa kando baada ya maelfu ya kurasa. Bei yake iingizwe kwenye hesabu.

Wino bandia na chipu

Pale bei ya wino halisi inapokuwa juu, wino bandia haukosi. Ni muhimu kutofautisha vitu viwili. Wino mbadala ni ule unaotengenezwa na kampuni nyingine na kuuzwa kwa jina la kampuni hiyo. Kuutumia si kosa, ingawa ubora wake hutofautiana. Wino bandia ni ule unaofungwa katika pakiti yenye jina la kampuni isiyoutengeneza ili kumlaghai mnunuzi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa ghushi inapiga marufuku huo wa pili, na ndiyo iliyounda taasisi ya serikali inayokabiliana na bidhaa hizo.

Bei iliyo chini mno, lakiri ya usalama iliyochanika, maandishi yenye makosa ya tahajia na muuzaji asiyetaka kutoa risiti ni dalili za kutiliwa shaka.

Kampuni za printa nazo zina njia zao za kumzuia mteja kutumia wino mbadala. Katriji nyingi zina chipu ndogo inayotambuliwa na mashine. Mashine yaweza kukubali katriji mbadala leo, kisha ikaikataa kesho baada ya kupokea programu mpya kupitia intaneti. Mnamo Desemba 2020, mamlaka ya ushindani nchini Italia iliipiga HP faini ya Euro milioni 10, ikisema kampuni hiyo haikuwaeleza wateja waziwazi kuhusu vizuizi hivyo. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua Mei 2017, katika kesi iliyohusu kampuni ya Lexmark, kwamba mwenye hataza hawezi kutumia haki za hataza kuzuia katriji aliyoiuza isijazwe upya na kuuzwa na wengine. Uamuzi huo, hata hivyo, haukuzuia matumizi ya chipu.

Kwa mnunuzi wa Kenya, funzo ni kwamba asinunue leza kwa kutegemea hesabu ya tona mbadala kabla ya kuhakikisha kwamba tona hiyo ipo na inakubaliwa na mashine ya aina iyo hiyo. Tofauti ya Sh2.30 na Sh6.80 kwa ukurasa, kama tulivyoona, ndiyo tofauti kati ya kuishinda saiba na kushindwa nayo. Printa ya tangi haina wasiwasi mkubwa wa aina hii, kwa kuwa hata wino wake halisi una bei ya chini.

Aidha, anayeletewa mashine na jamaa aliye ng'ambo awe mwangalifu. Printa nyingi hufungiwa kutumia katriji za eneo zilikouzwa. Mashine iliyonunuliwa Marekani au Uingereza yaweza kukataa katriji inayouzwa Nairobi, ikawa pambo la mezani.

Mtumba na ushirika

Leza zilizotumika ofisini huuzwa kwa bei ya chini, na nyingi bado zina nguvu. Kabla ya kulipa, muuzaji aombwe achapishe ukurasa wa hali ya mashine. Karatasi hiyo huonyesha idadi ya kurasa ambazo mashine imekwisha kuchapisha tangu ilipotengenezwa. Mashine ya kurasa 8,000 na ile ya kurasa 80,000 zaweza kung'aa sawa kwa nje, lakini si mashine sawa. Michirizi myeusi, madoa yanayojirudia au tona inayofutika kwa kidole ni dalili za sehemu zilizochakaa.

Njia nyingine ni ushirika. Katika ploti na majengo ya kukodi ya Noonkopir, familia nne zinazochapisha kurasa 30 kila moja zinafikisha kurasa 120 kwa mwezi kwa jumla. Peke yake, hakuna hata moja inayopaswa kununua printa. Zikiungana, printa ya tangi itajilipia katika muda wa miaka miwili hivi. Kinachohitajika ni daftari moja la kuandika kurasa, rimu ambayo kila familia hujiletea, na makubaliano ya nani ataiweka na nani atalipia ukarabati. Vyama vingi vimenunuliana sufuria na mitungi ya gesi kwa mpango usio tofauti na huu.

Maswali ya kuuliza dukani

Mnunuzi aliyekwisha kuhesabu kurasa zake na aende dukani na maswali yafuatayo, wala asione haya kuyauliza yote.

Wino au tona ya mashine hii inaitwaje, inauzwa kwa bei gani leo, na imekadiriwa kurasa ngapi? Je, inapatikana Kitengela, au ni lazima isafiriwe hadi Nairobi? Nauli ya kwenda na kurudi nayo ni sehemu ya bei ya wino.

Je, mashine huchapisha moja kwa moja kutoka kwenye simu kwa Wi-Fi? Nyumba isiyo na kompyuta ikinunua printa ya waya pekee, itaendelea kwenda saiba. Je, inatoa nakala na kuskani? Kutoa nakala za vitambulisho na vyeti nyumbani kunaongeza thamani ya mashine.

Dhamana ni ya muda gani, na fundi anayetambuliwa na kampuni yuko wapi? Je, kutumia wino mbadala kunaathiri dhamana hiyo? Jibu liandikwe kwenye risiti.

Mwisho, mashine iwashwe na ichapishe mbele ya mnunuzi kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Atakayefanya hivyo huenda akarudi nyumbani na printa ya tangi, au leza iliyotumika, au mikono mitupu akiwa amegundua kwamba saiba ya mtaani inamfaa zaidi. Uamuzi wowote kati ya hiyo waweza kuwa sahihi. Usio sahihi ni ule wa kununua mashine kwa sababu tu ilikuwa ndiyo rahisi kuliko zote pale dukani, kisha kila muhula kukosa fedha za katriji, na mtoto akarudi kutumwa saiba ilhali printa imekaa sebuleni ikifunikwa na vumbi.